Picha Iliyozidi Ukuta

Haya ninayoyaandika hamtayaamini, na wala siwalaumu. Mimi mwenyewe ningeyasikia kwa mtu mwingine ningemwambia akanawe uso kwanza, kisha aanze upya. Lakini yalitokea, tena mchana kweupe, katika sebule yenye viyoyozi viwili, na aliyeyatenda ni mtu mzima mwenye mvi, mbunge wa vipindi viwili, ambaye gari lake likipita watu huondoa viti barabarani. Alikata picha kwa mkono wake, kisha akamtwika kosa hilo fundi wa fremu, mama mmoja asiye na mali nyingine duniani ila mikono yake na jina lake. Kama yule mama angetoka mle na jina lake au angeliacha palepale sakafuni, hilo ndilo nitakalowaeleza.

Mtu wa namna hii haoti kwa usiku mmoja kama uyoga, kwa hiyo tuanzie mbali kidogo. Jina lake la kwenye mabango tuliache lipumzike, limechoka kubandikwa. Mtaani tangu ujana wake anaitwa Geji, na aliyempa jina hilo ni mjomba wake, kaka wa mama yake, mtu mwenye akili nyingi na elimu ya darasa la sita, ambaye kwa unyenyekevu sitamtaja zaidi ya inavyolazimu.

Geji ni kipimo cha unene wa bati. Sasa sikilizeni mchezo ulivyo. Bati nene lina namba ndogo, bati jembamba lina namba kubwa. Aliyepanga hivyo sijui alikuwa na ugomvi na nani, lakini muuzaji analijua hilo na mnunuzi halijui. Kijana wetu alianza na duka la chumba kimoja, kaunta ya mbao iliyopakwa rangi ya kijivu, mabati yameegeshwa ukutani yakilia kila lori likipita. Mteja akiingia, kijana hasemi uongo hata chembe. Anauliza tu, kwa adabu, “Mzee, nikupe la ishirini na nane, au unaweza la thelathini na mbili?”

Hilo neno “unaweza” ndilo lililomjengea ghorofa. Mteja anakohoa kidogo, anatazama nyuma kama kuna anayemsikia, anasema, “Nipe hilo la thelathini na mbili, mimi sijengi banda.” Anaondoka kifua mbele na bati la kupepea. Mvua ya kwanza ikinyesha, baba na mama mle ndani wanaongea kwa ishara. Upepo wa kwanza ukivuma, wanakwenda kwa jirani kuomba warudishiwe paa lao. Wakija dukani kulalamika, Geji anawatazama kwa huruma. “Uliomba thelathini na mbili, nikakupa thelathini na mbili. Nimekuibia wapi, mzee wangu?” Na kweli, hajaiba. Hilo ndilo linaloudhi kuliko yote. Amefika miaka hamsini na tano akidhulumu watu kwa vipimo sahihi.

Maana kupima alipima. Hatoki nyumbani bila futi ya chuma mfukoni, ile inayojikunja yenyewe kama ulimi wa kinyonga. Alipooa, siku ya kwanza alipima kitanda kabla hajamtazama bibi harusi. Mkewe hajalisahau hilo, na mimi nikiwa yeye nisingelisahau.

Duka likawa maduka, maduka yakawa kiwanda, na mwenye kiwanda akiwa na tumbo la kutosha huanza kuwaonea watu uchungu. Geji naye akawaonea uchungu, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi. Akaezeka shule ya msingi nzima. Kila bati lilipigwa muhuri wa jina lake, tena upande wa ndani, ili watoto wakiinua macho kumwomba Mungu mtihani uishe wamwone yeye kwanza. Muhula wa kwanza watoto walisoma jina lake. Muhula wa pili walisoma mawingu. Lakini baina ya mihula hiyo miwili watu walikuwa wameshapiga kura, naye akawa Mheshimiwa.

Bungeni, kipindi kizima cha kwanza, alisimama mara moja. Aliomba dirisha la nyuma yake lifungwe. Taarifa ya kikao imeandika maneno yake na mbele yake imeandika “Makofi”, na ukurasa ule ameutilia kioo, umetundikwa katika choo cha wageni.

Mapenzi yake ya sanaa yalianzia kwenye chakula. Alialikwa kwa balozi fulani, akakuta kuta zimejaa picha, hakuna saa, hakuna picha ya mwenye nyumba akipeana mkono na mtu. Akazunguka na glasi yake mpaka akachoka, akamuuliza mwenyeji, “Balozi, hizi kalenda zenu mbona hazina tarehe?” Balozi akacheka mpaka akashika ukuta, akawaita wageni wengine waje wasikie. Geji akaona ameheshimiwa. Njiani kurudi akamwambia mkewe, “Wenye hadhi siku hizi ni picha. Sisi tumelala.”

“Sisi tulikula tukashiba,” mkewe akasema. “Wewe lala peke yako.”

Basi akaanza kununua, na alinunua kama mtu anayeezeka. Aliingia kwa wachoraji na futi yake, akaitandaza juu ya picha, kisha ndipo akauliza imechorwa nini. Kwake picha ndefu ilikuwa picha nzuri, na fupi ilikuwa ya kujifunzia. Wachoraji walimwelewa ndani ya wiki moja. Mji mzima hapakuchorwa tena kitu kilichosimama wima. Zilichorwa treni, zilichorwa kuta, zilichorwa mito, akachorwa twiga amelala. Kijana mmoja alimuuzia mita nne za anga tupu, hata ndege hamna, na Geji akalisifu kwamba halina viungio. Picha moja ya mwanamke anayetembea aliikataa mlangoni. “Huyu kanipa mgongo,” akasema, “tena nyumbani kwangu?” Mchoraji akaichukua, akaenda akamchora macho kisogoni, akairudisha, ikanunuliwa. Hapo huenda mjomba wake ametia chumvi kidogo, lakini ni chumvi ya kuonja tu.

Sebule akaiita Makumbusho. Wageni aliwatembeza mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule. “Hii mita mbili na nusu. Hii mita tatu kasoro kidogo, ila inua uone uzito. Hii ni ya kukosewa, lakini mwenyewe amekwisha kufa, kwa hiyo inapanda.” Watu walitikisa vichwa kwa sababu chakula kilikuwa hakijaletwa.

Kichwa hicho kilipovimba vya kutosha, kikatamani kiti. Bodi ya makumbusho ya taifa ilikuwa inatafutiwa mwenyekiti mpya, na Geji alijua kwamba pendekezo la mkurugenzi wa makumbusho ndilo lingesikilizwa. Mkurugenzi ni mwanamke mwembamba, miwani yake inaning’inia kifuani kwa kamba, mtu asiyecheka kwa kuazima. Geji akaulizauliza anapenda nini. Akaambiwa: kuna picha moja, ya mwalimu wa kuchora aliyemfundisha alipokuwa msichana, marehemu sasa. Inaitwa “Wagonjwa”. Watu kumi na mmoja wamekaa kwenye benchi refu, wanasubiri daktari. Mkurugenzi alikuwa amesimama nyuma ya yule mwalimu, na kalamu yake ya shule mkononi, siku zote wale watu kumi na mmoja walipokuwa wakichorwa. Geji hakuuliza zaidi. Aliwafuata wajukuu wa marehemu, akainunua kabla makumbusho hayajajikuna.

Hapo ndipo anapoingia Fundi.

Fundi ana karakana yake kwenye chumba cha mbele cha nyumba anayokaa. Meza yake ina makovu ya msumeno pande zote, kopo la gundi halitoki kwenye jiko, na kona za fremu za kila aina zimetundikwa ukutani mbilimbili, kama soksi zinazokauka. Penseli yake huichomeka kwenye nywele na kuitafuta kutwa. Mumewe alifariki zamani. Miaka thelathini amefunga fremu za vyeti, za maharusi na za marehemu, na anakuambia wazi kwamba marehemu ndio wateja wasiobadili mawazo. Haongei sana. Akisema kitu hakifai, hakifai.

Kwa miaka mitatu alikuwa akienda makumbusho kuomba kazi moja. Kule stoo kuna picha mamia, fremu zake zimeliwa na wadudu mpaka ukizigusa zinamwagika unga. Fundi alizitaka zote. Ilikuwa kazi ya kumfikisha uzeeni, lakini si hilo tu. Aliziona siku moja mlango ulipoachwa wazi, na tangu siku hiyo alikuwa akizizungumzia kama mtu aliyeacha watoto hospitali. Mkurugenzi mwishowe akamwambia, “Nimesikia unamfungia Mheshimiwa picha ya mwalimu wangu. Nikija kuiona, nitaona na mkono wako. Ukinipendeza, funguo za stoo nitakupa siku hiyohiyo.”

Kwa hiyo Fundi aliifunga “Wagonjwa” kama anayemvisha binti yake. Mbao alizikausha mwezi mzima. Turubai akalivuta taratibu, leo kidogo, kesho kidogo, rangi isipasuke. Akaileta kwa Geji siku moja kabla ya ziara, asubuhi, wanaume wanne wameibeba, wakaiegemeza chini ya ukuta wake.

Picha ikazidi ukuta.

Msidhani Geji alikosea kupima. Picha aliipima sawa, na ukuta aliupima sawa. Ila baada ya kuupima alikwenda kwa mbunge mwenzake akakuta nguzo, akarudi akamwita mwashi, akajengewa nguzo mbili, moja kila pembe, zimepakwa rangi ya dhahabu na juu zina majani kama kabichi. Akasahau kwamba nguzo nazo zina tumbo. Mita tatu na sentimita themanini zilikuwa zinaingia pahali palipobaki na mita tatu na kumi na nane.

Geji akakunjua futi, akaikunja, akaikunjua tena. “Sitini na mbili,” akasema. “Basi ipandanishe.”

“Niipandanishe vipi, Mheshimiwa?”

“Kama bati. Ukingo mmoja unaulaza juu ya mwenzake, unapiga misumari. Maji hayapiti.”

Fundi akamtazama. “Hapa hapatarajiwi mvua,” akasema.

“Basi ikunje kwa nyuma.”

“Rangi itapasuka. Na ukikunja, mzee yule na yule mama wa mwisho wa benchi wanakwenda kukaa nyuma ya picha.”

“Watu wawili tu.”

“Mwalimu aliwachora kumi na mmoja, Mheshimiwa. Mimi sipunguzi.” Kisha akaisogelea nguzo ya kushoto, akaigonga kwa kifundo cha kidole. Ikatoa sauti ya debe. Akagonga tena juu, akagonga chini. “Hii haijabeba kitu. Ni plasta na waya, ndani tupu. Kesho mapema nitakuja na nyundo ndogo, naitoa, naziba, napaka rangi. Picha itakaa kama ilizaliwa hapo.”

Geji alisikia kila neno, lakini lililomwingia ni lile la “tupu”. Alijiona ndiye aliyegongwa. Mtu wa kufunga fremu za marehemu anamgongea nguzo zake, mbele ya wapagazi? Ila hakutaka kugombana, kwa hiyo alifanya anachofanya bungeni: alitikisa kichwa. “Sawa, Fundi. Kesho.”

Fundi akaondoka na wanaume wake. Mke wa Geji alikuwa ametoka. Katika sebule alibaki Geji, picha, na kwenye kochi refu la pembeni mjomba wake, gazeti limemfunika uso. Geji alidhani mjomba amelala. Watu wengi wamefanya kosa hilo.

Alizunguka picha ile mara tatu. Alikwenda kuitazama nguzo, akaipapasa, akarudi. Mjomba, kwa tundu la gazeti, aliyaona mawazo yake yote, maana huyu ni mtu ambaye mawazo yake hupita usoni kama mifugo inavuka barabara. Alikuwa anafikiri kwamba bati likizidi hukatwa. Hakuna mwezekaji anayebomoa ukuta kwa ajili ya bati. Akatoka, akarudi na mkasi wa bati kutoka gereji, ule wenye mikono mirefu. Akaiburuta picha mpaka juu ya meza ya chakula, akaivua fremu ya nje, akang’oa pini zilizoshika turubai upande wa kushoto. Akapima juu sitini na mbili, akapima chini sitini na mbili, akakaza uzi, akausugua chaki.

Upande ule walikuwa wamekaa watu wawili wa mwisho wa benchi. Mzee ameweka viatu vyake mapajani, nadhani vilimbana, na mwanamke amesinzia begani kwake, na yule mzee amenyanyua bega kidogo tu ili kichwa cha mwenzake kisianguke. Geji akawatazama. Akasema, kwa sauti, peke yake na bila aibu, “Hawa hata hivyo daktari asingewafikia leo.”

Akakata.

Mjomba alinyamaza. Hilo hapendi kulisimulia, lakini ndivyo ilivyokuwa. Chumba anacholala ni cha mpwa wake, na kochi ni la mpwa wake, na hata gazeti lile lilikuwa la mpwa wake. Alikaa chini ya gazeti akisikia turubai likilia kwenye mkasi, taratibu, kama mtu anayefungua kifungashio asitake kumwamsha mwenzake. Geji alipomaliza alirudi nyuma hatua mbili kuutazama mstari, akaridhika. Akaipunguza fremu ya ndani kwa msumeno, akapigilia pini upya, akairudisha fremu ya nje akiwa ameipunguza nayo, akaiegemeza picha baina ya nguzo. Kipande kile alikikunja, akakipeleka nyuma ya nyumba ambako mtunza bustani alikuwa anachoma majani.

Mkewe aliporudi alisimama mbele ya ukuta na mkoba bado mkononi. “Mbona wamepungua?”

“Nani?”

“Hawa. Asubuhi niliwahesabu nikinywa chai. Walikuwa kumi na mmoja.”

“Fundi kapunguza,” Geji akasema. “Anasema ndivyo inavyofanywa.” Lilimtoka kirahisi, na alipoona mkewe ameenda zake jikoni bila kubisha, akaona ni neno zuri, la kutumia tena.

Kesho yake, saa mbili asubuhi, Fundi alifika na mfuko wake, ndani yake nyundo ndogo, mwiko na kopo la rangi ya ukuta. Alivua ndala mlangoni, akaingia, akasimama. Macho yake yalipita benchi lile kutoka kulia kwenda kushoto, yakafika kwenye nguzo, yakarudi. Aliisogelea picha na kuweka kidole kwenye ukingo wa kushoto, pale pini zilipopigwa na mtu asiyejua pini.

“Mheshimiwa,” akasema polepole, “wako wapi?”

Mlango ukafunguliwa na mkurugenzi akaingia, amewahi kuliko alivyotarajiwa, pamoja na karani wake aliyeshika daftari. Geji akawavamia kwa mikono yote miwili. “Karibu Makumbusho, Mkurugenzi. Karibu sana. Mita tatu na kumi na nane.”

Mkurugenzi hakumpa mkono. Alikuwa ameshavaa miwani. Alisimama mbele ya picha ya mwalimu wake, na midomo yake ikawa inacheza kidogo, na kila mtu mle ndani akajua anahesabu. Alifika mwisho, akaanza tena.

“Naona tisa,” akasema.

Kiyoyozi kilikuwa kinanguruma.

“Nani ameikata?”

Ninachotaka mkione ni wepesi wake. Geji hakumeza hata mate. Alimgeukia Fundi kwa uso wa baba aliyesikitishwa, akasema, “Fundi, mweleze mkurugenzi. Mimi nilikuamini, nikakuachia kitu cha thamani, sasa unaona aibu hii unanitia.”

“Mimi?” Fundi akasema.

“Aliniambia ndivyo inavyofanywa,” Geji akamwambia mkurugenzi. “Sisi wengine si wataalamu. Mke wangu shahidi.”

Mkewe alikuwa amesimama na sinia la glasi. “Mimi ni shahidi wa ulichoniambia,” akasema, akaliweka sinia mezani.

“Sikuikata, Mama Mkurugenzi,” Fundi akasema. Sauti yake ilikuwa ileile ya siku zote, lakini mfuko aliukumbatia kifuani. “Nilileta wote kumi na mmoja. Leo nilikuja kutoa nguzo.”

“Hatukuongea habari ya nguzo,” Geji akasema. “Nguzo gani?”

Mkurugenzi alimgeukia Fundi. Si mtu mbaya, lakini alikuwa amepoteza watu wawili asubuhi ile na hakuwa na pa kuwatafuta. “Neno la mbunge na neno lako,” akasema. “Siwezi kuwa mwamuzi. Lakini kama ni mkono huu uliokata kazi ya mwalimu wangu, stoo yangu hautaingia, na kila mwenye picha mjini nitamwambia. Na sitaweza kuwa na uhakika kwamba si wewe. Unanielewa?”

Fundi akaitikia kwa kichwa. Akainama kuchukua ndala zake, akakumbuka ziko nje.

“Nilikuwepo mimi,” mjomba akasema kutoka kwenye kochi.

“Mjomba, kaa,” Geji akasema.

“Nimekaa.”

“Msimsikilize,” Geji akawaambia wageni, anacheka. “Huyu ni mzee wetu, tunampenda, lakini mtia chumvi ni yeye. Juzi ametuambia aliwahi kuendesha treni.”

“Kinyumenyume,” mke wa Geji akaongeza, kwa haki.

Karani akatabasamu ndani ya daftari. Na hapo mjomba akaelewa jinsi mambo yalivyo. Angesema kweli tupu, hakuna ambaye angeichukua. Miaka sitini na tisa ya hadithi nzuri ilikuwa imesimama mlangoni inazuia ile moja ya kweli isitoke. Hata hivyo akasimama, akavuta suruali juu, akakohoa.

“Mkurugenzi,” akasema, “mimi nilikuwa nimelala hapa, gazeti usoni. Akaja peke yake, akailaza picha juu ya meza hii hii.”

Mkurugenzi alikuwa anafunga miwani yake. Geji alikuwa anatabasamu, ameegemea nguzo.

“Akalichukua pande la mbao akaliweka kama rula, nalo lenyewe limepinda. Hakupima. Alikadiria kwa jicho, na jicho lenyewe lile mnalolijua.”

Tabasamu la Geji likasogea kidogo.

“Mkono ukaanza kumtetemeka, mkurugenzi, kama mtu mwenye homa. Akaanza kukata kwa msumeno wa magogo, ule wa watu wawili, akavuta mwenyewe huku na huku. Mara ya kwanza akakosea. Mara ya pili akakosea. Mstari ulikuwa unakwenda kama mlevi anayetafuta kwake, huku umeingia ndani, huku umetoka nje, mpaka mara ya saba ndipo akafika chini, jasho linamtoka, na hata hivyo akawa amekata juu sitini na chini themani—”

“Mjomba, chumvi hiyo sasa imezidi,” Geji akasema, naye ameshaitoka nguzo yake, amesimama katikati ya chumba, kidole juu. “Msumeno wa magogo wapi? Ulikuwa mkasi wa bati. Na kukadiria sijawahi kukadiria maisha yangu yote, nilipima juu sitini na mbili, chini sitini na mbili, nikakaza uzi wa chaki, nikakata mara moja tu kutoka juu mpaka chini, mstari umenyooka, mkono haukute—” Hapo akaisikia sauti yake mwenyewe, na kalamu ya karani inakwenda.